Jiwe Lililovuka Bonde

Enzi zetu, mtoto wa Sindeni alijua kombeo kabla ya kujua kusoma. Mahindi yakibeba, asubuhi tulikuwa juu ya dungu, jukwaa la kulindia shamba: moshi wa kuni mbichi, muhogo wa kuchoma mkononi, kombeo la katani begani, macho kwa ngedere. Vijana wa leo wakimwona ngedere, kwanza wanampiga picha.

Kabla ya kurusha ulipaswa kuita "Hooo!" na kusubiri dungu la jirani liitikie. Ng'ambo ya bonde alilinda Rajabu, mtoto wa shangazi yangu. "Sauti itangulie jiwe," baba alikuwa akisema.

Kisha nikaenda sekondari Korogwe. Mwalimu alitufundisha vekta: kasi ya jiwe igawe mbili, ya kwenda mbele na ya kwenda juu. Mchapuko wa dunia huvuta chini tu. Ile ya mbele hauigusi. Likizo nilirudi nyumbani nimevimba kichwa. Nikarusha mawe kwenye uwanja wa mpira, nikapima yanapoangukia, nikapiga hesabu.

"Kesho usisubiri wito wangu," nilimwambia Rajabu. "Jiwe langu halikufikii, hata nikirusha kwa nguvu zote."

"Haya, msomi," akacheka. "Ukiniua, utamlindia shangazi yako mahindi."

Hesabu ilikuwa sahihi, lakini kwa uwanja wa mpira, ambao ni tambarare. Shamba la kina Rajabu lilikuwa chini sana ya letu. Kesho yake nikarusha bila kuita. Jiwe liliposhuka hadi usawa wa dungu langu halikukuta ardhi. Likaendelea kushuka, na ile kasi ya mbele ikaendelea kulipeleka. Nikasikia kilio.

Jicho lake la kushoto halikupona. Alipotoka hospitali aliniambia, bila hasira, "Ungeita tu, ningeinama."

Siku hizi mjukuu wangu anayesoma sekondari ya Kilole hunionyesha kwenye simu jiwe likichora upinde, vishale vya kasi vikirefuka na kufupika. Akikosea anafuta, anarusha tena. Sisi hatukuwa na cha kufutia.

Rajabu bado analima kule ng'ambo. Tukikutana njia ya msikitini, nikiwa upande wake wa kushoto, lazima ageuze kichwa chote ndipo anione. Na zipo siku, Mungu anisamehe, ninapita upande huo makusudi, kimya, mpaka nimempita.