Vidonge Nilivyovikataa

Nilipokuwa shule ya bweni, wenzangu walinionea wivu. Wao walihangaika kila mwezi. Mimi niliweza kukaa miezi mitano bila kuziona siku zangu. Nilijiona nimependelewa.

Niliolewa Kikatiti, kwa mwanamume mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Miaka minne ikapita bila mtoto. Nikaenda zahanati, nesi akanipa vidonge.

"Vitakurudishia hedhi," alisema.

Nikavitazama: ni vile vile vya uzazi wa mpango.

"Mimi natafuta mtoto, wewe unanipa vya kuzuia?"

Alijaribu kunieleza, sikumsikiliza. Nilivitupa chooni, na zahanati sikurudi tena.

Nikiwa na miaka thelathini na tisa, baada ya miezi saba mikavu, damu ilianza kutoka. Ilitoka wiki tatu, ya mabonge. Nilidhani mimba imeharibika. Mungu anisamehe, katika kulia kule kulikuwa na furaha: kumbe naweza kushika mimba! Mume wangu alinishika mkono, akasema, "Basi tutajaribu tena."

Hospitali ya mjini walichukua kinyama kutoka ndani ya mfuko wa uzazi ili wakakipime. Siku ya majibu, daktari, mama wa makamo, alifunga mlango kwanza.

"Hapakuwa na mimba," alisema. "Ni saratani."

Akanieleza polepole. Homoni ya estrojeni hunenepesha utando wa ndani ya mfuko wa uzazi. Yai likishatoka, huja homoni ya pili, projesteroni, inayoutuliza utando huo. Yai lisipotunga mimba, utando unatoka kama hedhi. Kwangu mayai yalitoka kwa nadra sana, kwa hiyo ile ya pili haikuja. Utando ukazidi kunenepa miaka yote hiyo, mpaka chembe zake zikaharibika.

"Na vile vidonge?" nilimuuliza.

"Vilikuwa na hiyo homoni ya pili. Vingekupunguzia hatari."

Waliondoa mfuko wote wa uzazi pamoja na ovari. Saratani haikuwa imesambaa. Bado naenda kupimwa.

Niliporudi nyumbani, mama mkwe alishuka kutoka Nkoaranga na chupa ya mtori, supu ya ndizi anayopikiwa mwanamke aliyetoka kujifungua. Hakujua kingine cha kumpikia mwanamke aliyepasuliwa tumbo. Alinimiminia kikombeni. Nikanywa wote, yeye akiangalia ukutani.