Mwito wa Tatu

Pale Miritini, aliyetaka makaa au boriti za kujengea alimtafuta Kaviha. Mtumbwi wake ulikuwa mrefu, naye mfupi mno, hata watu wakamtania kwamba mtumbwi ndio uliomnunua yeye. Maji yakijaa jioni alipanda nayo hadi ndani ya korongo la Mwache, akapakia, akarudi nayo yakitoka alfajiri. Safari ya usiku mmoja tu, lakini ilikuwa na sharti lake: ukiitwa jina majini gizani, usiitike mpaka mara ya tatu. Pepo, walisema wazee, haiti mara tatu.

Mwaka wa mvua kubwa, sitini na moja, alipanda na nduguye Ngowa, akarudi peke yake. Aliwaambia watu kwamba alipitiwa na usingizi, akaamka Ngowa hayupo, wala hajui alipotelea wapi. Watu walilia, wakamwamini. Mwili haukuonekana.

Miaka miwili baadaye, watu wakishona bendera za uhuru, Kaviha yeye alikuwa akikonda. Kisha bintiye Ngowa akaanza kumwota babake kila usiku, amelowa, anaomba nguo. Mtoto akakataa chakula. Wazee wakasema Ngowa asimikiwe koma, kigogo cha kumkumbuka marehemu, na kwa kuwa hana kaburi, chini yake uwekwe mchanga wa pale alipofia. Mkewe auchote kwa mkono wake. Mchanga wa pengine ungekuwa tusi, na mtoto asingepona.

"Shemeji, nipeleke," Kanze, mjane wa Ngowa, alimwambia. "Hata kama hupajui hasa, pengine moyo wako utakwambia."

Moyo haukuwa na la kumwambia. Alipajua kama mlango wa nyumba yake. Lakini akipaonyesha, si watamuuliza, aliyelala alijuaje? Njia ya mwongo ni fupi. Akakata shauri kumwonyesha Kanze mchanga wowote, yaishe.

Kiangazi kilikuwa kimekausha bara lote. Waliipita mikoko, mwezi ukatoka, na kuta za mwamba zikasimama kulia na kushoto, tupu, na miiba mikavu juu yake. Hata chura hakulia. Penye fungu la kwanza la mchanga Kaviha alisimamisha mtumbwi.

"Ni hapa," alisema.

Kanze alishuka, akainama. Ndipo sauti ikatoka ndani korongoni.

"Kaviha!"

Ilikuwa ya Ngowa, na ule ukwaruzo wake wa tumbaku. Safari hii Kaviha hakungoja.

"Naam! Naja, ndugu yangu!"

Kanze aliinuka, mchanga mkononi. "Wamwitikia nani? Mimi sikusikia kitu."

Kaviha akaketi mtumbwini, akasema yote. Usiku ule hakulala. Walikwama kwenye mwamba penye kona, Ngowa akashuka kusukuma, mkondo ukaunyakua mtumbwi. Sauti ikamwita kutoka gizani nyuma, mara mbili. Aliijua ni ya nani. Hata hivyo aliingoja ya tatu, kama alivyofunzwa, na ya tatu haikuja.

"Niliogopa pepo, shemeji," alilia. "Nikamwacha ndugu yangu."

Kanze aliumwaga ule mchanga. "Nipeleke kwenye kona," alisema.

Huko alichota taratibu, akajaza kibuyu, akakipakata. Wakageuza mtumbwi. Kaviha alipiga kasia huku akitamani atukanwe.

Alfajiri, karibu na Miritini, mkondo ulianza kuwavuta mbali na gati.

"Kanze, shika kamba."

Kimya.

"Kanze!"

Hakugeuka.

"Kanze, tafadhali!"

Hapo ndipo alipogeuka. "Mwenzio hakuifikia ya tatu," alisema, akaishika kamba.

Koma ilisimikwa Ijumaa ile, na mtoto akaomba uji. Kanze hakumsimulia mtu yeyote. Kaviha aliuza mtumbwi, akaenda kupakua magunia Changamwe, na huko walimcheka mpaka uzeeni, kwa kuwa aliitika kabla hujamaliza kutaja jina lake, na mara nyingine hakuna aliyemwita.