Goli la Upande wa Miti

Mlinda mlango wa lakrosi hachaguliwi, husukumwa. Nilipoanza chuo hapa Birmingham, timu ya wasichana ilitafuta mtu wa kusimama mbele ya ule mpira mgumu unaorushwa kwa fimbo yenye wavu. Wote wakaangalia viatu vyao. Nikasema mimi. Si ujasiri, nilitaka tu kuwa wa kundi fulani.

Wapi! Golini uko peke yako. Wenzako wanacheka huko mbele, wewe umebaki na helmeti juu ya hijabu, unatazama watu kupitia vyuma. Ukifungwa ndipo wanakukumbuka.

Mwaka wa tatu, wangu wa mwisho, tuliingia fainali ya mashindano ya vyuo, na ikachezwa kwenye uwanja wetu. Wazazi wa wenzangu walifika asubuhi na viti vya kukunja, mablanketi na mbwa. Mimi, miaka yote hiyo, hakuna aliyewahi kuja kunitazama. Mama alisafisha wodi za hospitali, na mchezo wenyewe aliuita kukimbizana na miiko. Wiki hiyo nilimwomba aje. Niliona haya kumwomba mama yangu mzazi kitu kidogo hivyo. Akasema atajaribu. Nikamwelekeza: uwanja wa nyuma ya mabweni, goli la upande wa miti ndilo langu.

Nusu ya kwanza niligeuka kila mara kutazama miti. Hapakuwa na mtu. Bao moja liliingia nikiwa nimegeuka, na matusi niliyopata nilistahili. Baada ya mapumziko tukabadilishana magoli, nikaenda upande wa maegesho. Nikalia ndani ya helmeti, ambayo ina faida hiyo moja.

Kule mbali, mlinda mlango wao alicheza kama mwenye mashetani. Kila tulichorusha alidaka. Tukafungwa kwa tofauti ya bao moja.

Filimbi ilipolia, msichana yule akavuka uwanja mzima kunifuata, helmeti kwapani, anatafuna mahamri.

"Huyu ni mama yako?" akauliza.

Mama alikuwa nyuma yake, koti juu ya sare ya kazi, chupa ya chai mkononi.

"Hooyo, si uliniambia upande wa miti?" Mama zetu wa Kisomali humwita mtoto hooyo, yaani mama. "Nimetoka shift, nimekimbia kutoka kwa basi, nikakuta mmesharudi kutoka half-time. Nimekuombea dua na kukuita mpaka sauti imekauka. Hata hugeuki! Nikasema, leo huyu ameninunia."

Hakuna aliyemwambia kwamba magoli hubadilishwa. Na kwa mbali, chini ya helmeti na mapedi, sisi walinda mlango sote ni mtu mmoja.

"Sikuelewa neno hata moja," msichana akasema, "lakini nilijua ananiita mimi. Kwangu huwa haji mtu."

Nilitaka kumchukia. Mama akammiminia chai, akampa na hamri la tatu, langu. Alilipokea kwa mikono miwili, nikashindwa.

Kwenye basi la kurudi mtaani kwetu Nechells, mama alinisugua vidole vyangu vilivyoganda.

"Mechi nyingine ni lini? Sasa najua mnabadilishana."

Ile ilikuwa ya mwisho. Nikamwambia nitamjulisha.