Mgeni Wangu wa Sikukuu ya Mavuno

Ipo siku moja ya mavuno ambayo naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku niliyoolewa, na babu yako asinisikie. Nitakusimulia, maana uliposhuka kwenye basi la kutoka Kabuku na mfuko wako wa pilipili hoho, hukungoja hata nikupe kigoda. Uliniamkia na swali juu yake: mtaalamu wa umwagiliaji kwenye shamba unakofanya kazi ni Myahudi, yeye na mkewe, wamekuwa wema kwako, na wewe unampenda Yesu. Uwaambieje? Nikakuambia ule kwanza. Sasa umekula, na sahani nimeiona ilivyo safi, basi nisikilize.

Nilikuwa binti wa umri wako. Baada ya mama yangu kufariki huku Kwashemshi, shangazi yangu alinichukua nikakae naye Handeni mjini, kwenye nyumba ya bati karibu na kanisa. Huyo shangazi alikuwa mzee wa kanisa, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito, na mtaa mzima ulimwogopa kidogo na kumpenda sana. Jirani zetu wengi walikuwa Wazigua Waislamu. Iddi tulikula kwao, Krismasi walikula kwetu, na hakuna aliyeona ajabu.

Nyumba iliyotazamana na ya kwetu ilipangwa na mtu wa visima. Unajua Handeni na shida yake ya maji, basi yeye alikuja kuchimba. Alikuja na mkewe na kitoto cha kike kilichoitwa Tamari, na kwa hiyo mama yake sote tukamwita Mama Tamari. Walikuwa Wayahudi. Mimi Wayahudi niliwajua wa shule ya Jumapili tu, wale wa kwenye picha wenye kanzu na fimbo, na sasa huyu hapa anaanika nepi kwenye kamba na kunipigia kelele nimtoe kuku wetu kwenye biringanya zake! Tukawa marafiki kwa sababu ya kuku huyo.

Nilichokipenda zaidi kilikuwa Ijumaa. Ijumaa mchana Mama Tamari alipika kama mtu anayengoja harusi, kwa kuwa Jumamosi kwao ni Sabato na hawawashi moto. Nami nilikuwa na kigoda changu jikoni kwake. Nilimchambulia choroko, nilimmenyea vitunguu, naye alinifundisha kusokota mkate kama nywele za binti. Jua likikaribia kuzama aliwasha mishumaa miwili, akajifunika uso kwa viganja, akasali. Kisha alimwita Tamari, akamwekea mikono kichwani na kusema maneno ya lugha yao taratibu. Sikuelewa hata neno moja, lakini kila mara nilitamani kichwa kile kingekuwa changu, mimi niliyezika mama.

Sasa, mwanangu, mimi nilikuwa mwanakwaya, na mdomo wangu haukuwa na breki. Nilimwona mwanamke huyu mwema, wa ukoo wa Yesu mwenyewe, halafu Yesu hamjui! Usingizi uliniruka. Nilitaka ampokee, tena nilitaka mimi ndiye niwe nimemleta. Hayo mambo mawili yanafanana sana ukiwa kijana.

Sikukuu ya mavuno ikawadia. Unaijua ilivyo: watu wanaleta mahindi, kuku, ndizi, miwa, vinapigwa mnada baada ya ibada, halafu pilau. Nikaenda kumwalika. Mama Tamari akafurahi, akaniambia hata wao wanayo sikukuu ya mavuno, wanajenga vibanda vya majani na kula humo. Lakini akaacha kukanda unga, akanitazama.

"Ni kula na kushukuru tu? Hawataniita niombewe?"

"Hawakuiti, mama. Ni mavuno tu," nikamwambia.

Na wakati huo huo, mwanangu, nilikuwa nimeshamnong'oneza mzee aliyekuwa aongoze ibada kwamba nitaleta mgeni Myahudi, na kwamba yu karibu kabisa kumpokea Yesu. Nani aliniambia yu karibu? Hakuna. Nilijisikia tu.

Alikuja na kapu la biringanya zake bora, kitambaa kichwani, Tamari mgongoni kwa kanga niliyomfundisha kuifunga. Tuliketi benchi la katikati. Nilijaa fahari mpaka nikasahau mstari wa sauti ya tatu ambao kwaya nzima ilinitegemea niuimbe.

Ukafika wakati wa wageni. Kwetu sisi mgeni kusimamishwa ni heshima: unasimama, unataja jina na utokako, unapigiwa makofi, umekuwa wa nyumbani. Mama Tamari akasimama na wengine, akataja jina lake kwa Kiswahili chake kizuri, akatabasamu. Wengine wakaketishwa. Yeye mzee yule akamwambia abaki amesimama.

"Wapendwa, leo Bwana ametutembelea! Tunaye Myahudi, ndugu yake Yesu kwa damu, na leo anarudi nyumbani!"

Kanisa likalipuka kwa vigelegele. Kwaya ikaanza wimbo wa kuita watu mbele, watu wakasimama, wakanyoosha mikono kuelekea kwake, na mama mmoja akamshika kiwiko kwa upole kabisa ili amsindikize madhabahuni. Hakukuwa na mtu mbaya hata mmoja mle ndani. Nataka ulijue hilo. Wote walikuwa wanafurahi, wengine wanalia kwa furaha.

Mimi nilimtazama usoni. Alikuwa amekuwa mweupe kama unga wa muhogo. Akanigeukia mimi, si mwingine, na sikuwa na pa kuyaweka macho yangu. Tamari akaanza kulia mgongoni.

Ndipo shangazi alipoinuka kwenye kiti cha wazee. Alishuka taratibu, ngazi kwa ngazi, na wimbo ukapungua kadiri alivyokaribia maana kila mtu alitaka kujua kuna nini. Akamtoa yule mama mkono kwenye kiwiko, akakishika yeye.

"Huyu amealikwa kula," akasema kwa sauti yake ile nzito. "Hakuna aliyemuuliza jambo lingine. Mama Tamari, twende zetu, chakula kipo tayari."

Wakatoka wote wawili kwa mlango mkubwa, katikati ya ibada. Lakini Mama Tamari hakula. Alishukuru, akavuka barabara, akafunga mlango wake. Biringanya zake zilipigwa mnada na bado sijui nani alizinunua.

Jioni shangazi hakunipigia kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Aliendelea kuchekecha unga.

"Ulimwambia hataitwa," akasema.

"Nilitaka aokoke, shangazi."

"Hata mimi nataka. Lakini umemwendea kwa uongo, na Yesu unayemhubiri hajawahi kukutuma uongo. Sasa mwanamke yule akisikia jina la Yesu atakumbuka nini? Atakukumbuka wewe na ahadi yako. Ijumaa utakwenda kumwomba radhi. Usiende na zawadi, usiende na mimi, na usiende na wimbo."

Wiki ile ilikuwa ndefu. Mlango wa ng'ambo ulikuwa ukifunguliwa asubuhi na kufungwa. Kuku wetu aliingia kwenye bustani akala alivyotaka, na hakuna aliyenipigia kelele. Nililia, mwanangu, kwa ajili ya kuku kutofukuzwa. Nilijua nimempoteza rafiki, na tena nimemzibia njia ya Bwana wangu kwa mikono yangu mwenyewe.

Ijumaa nikavuka. Nilipiga hodi, akafungua, akarudi kwenye unga wake bila kunikaribisha wala kunifukuza. Nikasimama mlangoni.

"Shikamoo, mama. Nilikuahidi hutaitwa, na nilijua utaitwa. Nilikudanganya. Naomba unisamehe."

Alikanda muda mrefu. Kisha akanieleza habari za bibi yake, ambaye alizaliwa nchi ya mbali yenye baridi. Kule, watu wa kanisa walikuwa majirani siku zote za mwaka, ila sikukuu zao zikifika walitoka ibadani wakiimba, wakaja kuvunja milango ya Wayahudi. Bibi yule alijificha chini ya kitanda akiwa mtoto, akiusikiliza wimbo unavyokaribia.

"Mlipoanza kuimba na kuninyooshea mikono," akasema, "mimi nilijua ninyi si wale. Kichwa kilijua. Miguu yangu haikujua."

Kitu nilichokipenda kuliko vyote, wimbo wa kanisani, kumbe kwa mtu mwingine kilikuwa kishindo cha watu wanaokuja kuvunja mlango. Sikuwahi kufundishwa hilo. Nilikaa pale chini kizingitini nikalia, naye akaniacha nilie mpaka nikamaliza.

"Basi nisikutajie Yesu tena?" nikamuuliza mwishoni.

Akacheka! Mwanangu, kicheko kile nakisikia mpaka leo.

"Wewe? Utapasuka." Akakisukuma kigoda changu kwa mguu kuja kwangu. "Nitajie ukiwa umekaa hapo, unachambua choroko. Nikikuuliza, nijibu. Nikinyamaza, nawe nyamaza. Na wewe niulize ya kwangu, usinieleze ya kwangu."

Ndivyo tulivyoishi mpaka visima vikaisha kuchimbwa. Na aliniuliza, tena mengi. Aliniuliza nilipataje kuimba na mama yangu yuko kaburini, nikamwambia ukweli kwamba usiku ule wa msiba nilimwita Yesu nikaona siko peke yangu, na kwamba yeye alikufa na kufufuka, nami naamini nitamwona mama. Sikupunguza neno. Alisikiliza huku akikoroga sufuria, akasema, "Nimekuelewa. Siamini hivyo, lakini nimekuelewa." Nami nikamuuliza juu ya Sabato, na nikagundua kitu ambacho sikuwa nimekifikiria hata siku moja, kwamba Yesu mwenyewe aliitunza siku hiyo, na kwamba mama yake alikuwa na Ijumaa zake za pilikapilika kama hizi. Nilikwenda jikoni kwa Mama Tamari ili nimpe Yesu, na nikarudi nyumbani nikimfahamu Yesu zaidi.

Alibatizwa? Najua unataka kuuliza. Hakubatizwa. Nilimwombea, namwombea hata sasa, wala sifichi, na yeye alijua. Lakini Ijumaa ya mwisho kabla hawajaondoka, aliwasha mishumaa, akambariki Tamari, kisha akaniita na mimi. Akaniwekea mikono kichwani. Na safari hii, baada ya kusema kwa lugha yao, alisema kwa Kiswahili ili nielewe. Yalikuwa maneno yale yale ambayo mchungaji hutuaga nayo kila Jumapili, baraka ya Haruni, tumeipata kwao. Miezi yote ile alikuwa akimsomea mwanawe baraka ya kanisani kwetu, nami nilidhani nasikia kitu kigeni.

Basi hilo ndilo jibu lako la Kabuku. Usimwonee haya Yesu, hata kidogo. Wakikuuliza, sema unavyoamini mpaka mwisho, usilainishe. Ila usimwalike mtu kula huku umemwandalia jambo lingine. Yeyote anayejificha nyuma ya sahani ya pilau ana kitu cha kuficha, na sisi hatuna. Jifunze kwanza walikotoka na nani aliwaumiza, maana wengine waliwaumiza wakiwa wamelibeba jina hili hili tunalolipenda. Kula sikukuu zao wakikualika. Wakisema hapana, iwe hapana, na wewe endelea kuwapelekea pilipili hoho. Uwaombee bila kuchoka, lakini usiwafanye mawindo. Kuokoa ni kazi ya Mungu, na sijaona akilalamika kwamba imemshinda.

Njoo sasa, uiname, maana umekuwa mrefu na mikono yangu haifiki. Mungu akubariki, mwanangu, akutunze. Akuangalie kwa uso mkunjufu, akufadhili, akupe amani. Nilipewa haya kanisani kwetu, na nilipewa jikoni kwa Mama Tamari, kwa mikono iliyokuwa bado na unga. Ukifika Kabuku Ijumaa, kaa kwenye kigoda utakachopewa.