Mshale wa Juu

Katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini ninakofanya kazi, Shimanzi, nilijulikana kwa ukaidi wa kushikilia kipanya cha kompyuta. Wenzangu wakibonyeza vitufe viwili wamemaliza. Mimi bado nazungusha mkono. Aliyenitoa ushamba ni mdogo wangu wa mwisho, aliyekuwa akisoma chuoni karibu na Buxton.

Hakunifundisha kwa barua za ofisi, alinifundisha kwa orodha ya khitma. Nyumbani kwetu Mji wa Kale, khitma ikisomwa, yaani Kurani nzima, maalimu hupewa karatasi ya majina: juu marehemu wa kuombewa rehema, chini walio hai wa kuombewa afya. Karatasi ya mama ilikuwa imechakaa, mdogo wangu akainakili mtandaoni ili sote tuweze kuifungua.

"Dada, Ctrl na F watafuta jina. Ctrl na Z warudisha ulipokosea."

"Na mtu akifa?"

"Ctrl na Shift, kisha mshale wa juu. Mstari wapanda wenyewe. Hatumfuti mtu, twamhamisha tu."

Nikamwambia ana ulimi mbaya. Tukacheka, Mungu anisamehe.

Homa ya siku nne ikamchukua. Siku ya tatu baada ya maziko, maalimu alituma mtu kuulizia karatasi. Nikafungua orodha. Walio hai mdogo wangu aliwapanga kwa umri, kwa hiyo jina lake lilikuwa chini kabisa. Nikabonyeza. Likapita la binamu yetu, likapita langu. Lilipofika chini ya jina la mama, la kwanza kati ya walio hai, nikashindwa. Nikabonyeza Ctrl na Z mpaka likarudi mahali pake, nikahisi nimemwokoa. Ulikuwa upuuzi mtupu, lakini moyo wangu haukutaka kingine.

"Ushamtia?" mama akauliza.

"Bado, mama. Siwezi."

Akaja kukaa kando yangu. Mama husoma herufi za Kiarabu tu, hizi zetu hazijui.

"Nionyesha jina lake."

Nikamwonyesha.

"Na langu?"

Nikamwonyesha pia. Akaniambia nishike vile vitufe viwili, naye akaweka kidole kwenye mshale. Alibonyeza polepole, akilitazama jina la mwanawe likipanda, mpaka likafika chini ya lake. Hapo akasita.

"Kwani hakuna pa kufinya, nikapanda mimi kwanda, kabla yake?"

"Hakuna, mama."

Akabonyeza.