Kamera ya Draku na Radhi ya Mama Paska

Draku wa Logiri alikuwa fundi wa redio kabla hajawa mtu wa video, na ufundi wenyewe aliupata ukimbizini. Mwaka 1980, watu wa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, walipoikimbia vita na kumiminika kuvuka mipaka, yeye aliangukia kambi moja upande wa Sudan. Redio yake ya kwanza aliifungua kwa kisu cha jikoni, maana bisibisi hakuwa nayo. Aliporudi Arua, miaka saba baadaye, alikuwa tayari na jina. Kisha shirika moja la misaada lilifunga virago, na mzungu mmoja akamwachia kamera ya video, ile kubwa ya kubeba begani, na betri zake mbili. Moja ilikufa mwaka huohuo. Iliyobaki Draku aliitunza kama yai.

Arusi, ubatizo, matanga, kote aliitwa yeye. Maringo kidogo alikuwa nayo, tusimfiche. Hata mapadri walisimama pale alipowaambia wasimame.

Mwaka 1995 alifuatwa dukani kwake Arua na Margarita, mwanamke wa Koboko. Mama yake mkubwa, Mama Paska wa Kuluba, alikuwa mgonjwa wa kufa. Mtoto wake mmoja tu ndiye aliyebaki hai, Pitia, aliyekuwa Khartoum, na huyo alikuwa na laana ya mama yake.

Kisa chenyewe ni hiki. Siku ile ya kukimbia, Pitia alimwacha baba yake kando ya mto Kaya, mzee ana jeraha la mguu, akaenda na wenzake. Hakurudi kumchukua. Watu wengine walimkuta mzee amekwisha kufa. Mama Paska akamlaani mwanawe kwa kinywa chake mwenyewe: uzao wako usikae. Huko Khartoum Pitia akazika watoto wawili, na sasa mkewe alikuwa na mimba ya tatu. Akaandika barua, akaipitisha kwa mapadri, akimwomba mama yake amfungue. Kuja hakuweza, kwani vita vilikuwa vimeziba njia zote za kusini.

Lakini kwao laana ya mzazi haiondolewi kwa barua. Mzazi aliyelaani hulitaja kosa mbele ya watu, lote, bila kulipunguza. Kisha hutia maji kinywani, huyapuliza mbele yake, ndipo husema amesamehe. Mama Paska alikubali, akasema yuko tayari. Margarita ndiye aliyeifikiria kamera, ili Pitia ayaone maji kwa macho yake na kusikia neno likitoka kwa mama.

Draku alifika Kuluba asubuhi, betri amekwisha kuipima kwa mita yake, na mshale umesimama pazuri kabisa. Mama Paska alikalishwa mlangoni juu ya mkeka, mgongo ameuegemeza kwa Margarita. Ndugu wa marehemu mumewe, Mzee Natale, alishika kikombe cha maji. Draku akabonyeza, taa nyekundu ikawaka.

"Pitia," mama akaanza, "wewe uliacha baba yako kwa mto. Yeye iliita jina yako, wewe hapana geuka. Mimi ilisikia hiyo, moyo yangu ilikufa."

Akasema yote. Halafu akanyoosha mkono, akapewa kikombe, akatia maji kinywani. Papo hapo taa ikazimika, na picha ndani ya tundu la kuchungulia ikawa giza.

Draku akainua mkono. "Ngoja, mama! Ngoja kwanza. Kamera iko na shida kidogo."

Mama Paska akayameza maji.

"Amalize," akasema Mzee Natale. "Sisi iko hapa, masikio iko. Tutapeleka maneno."

"Dakika tano tu, mzee. Bila picha, Pitia ataamini nani?"

Mama akatikisa kichwa polepole. "Mimi nitangoja fundi. Haya maneno nasema mara moja tu."

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa iliumiza zaidi ya matumbo. Draku akaitoa betri, akasugua vibati vya kupitishia umeme kwa raba ya penseli, akairudisha. Kamera ikawaka. Akabonyeza kurekodi, ikazimika. Akaitoa kanda, labda imekaza mota, akajaribu nyingine. Ikawaka, ikazimika. Akafungua ubavu wa kamera, akaitazama fyuzi, nzima. Akazishika waya moja moja. Akaipima betri tena, na mshale ukasimama palepale pazuri. Jasho lilimtoka, na mama akaendelea kumtazama kwa subira iliyomtia aibu.

Saa nzima ilipita kabla hajafanya lile alilopaswa kulifanya kwanza: kuipima betri kamera ikiwa inafanya kazi. Akabonyeza huku akiutazama mshale, nao ukaporomoka hadi chini. Betri ilikuwa na nguvu ya kusimama tu, si ya kubeba mzigo. Hakusubiri kuambiwa. Akaazima baiskeli, akakimbia Koboko mjini kwa Andama, mwenye lori, akaazima betri ya gari, akaifunga nyuma kwa mpira.

Aliporudi alisikia vilio kabla hajaiona nyumba.

Nyumbani Arua aliiweka betri mezani, na mkewe Norah akaitazama. Plastiki yake ilikuwa imevimba upande mmoja.

"Baba Candiru," akasema kwa sauti ndogo, "mimi niliweka hiyo kwa bati, kwa jua. Siku mbili. Pamoja na mawe ya tochi. Nilisema ipate nguvu."

Nani asiyeanika mawe ya redio, zile betri ndogo, juani yakichoka? Arua nzima inafanya hivyo, na yanapata uhai kidogo. Betri ya kamera si jiwe la tochi, lakini Draku hakuwa amemwambia. Hakumgombeza. Alikaa akalia, na Norah akalia naye.

Mtoto wa tatu wa Pitia hakumaliza mwezi. Si lazima iwe laana, Khartoum ya wakimbizi ilizika watoto wengi ambao hawakulaaniwa na mtu. Ila nenda kamwambie hivyo baba yake.

Pitia alifika Arua mwaka 1998, kwa kuzunguka Nairobi, nywele zimekwisha kuwa nyeupe. Draku akamweleza kila kitu, hadi maji yaliyomezwa. "Ni mimi nilimwambia ngoja, ndugu yangu. Alikuwa amesamehe. Nilimzuia mimi."

"Mzee Natale anasema maji haikutoka," akasema Pitia. "Weka kanda."

"Humo ndani iko makosa yako tu."

"Weka."

Draku akawasha jenereta, akaitia kanda kwenye deki. Mama Paska akatokea juu ya mkeka wake, akamwita mwanawe kwa jina, akamtajia kosa lake, lote, bila kulipunguza. Akatia maji kinywani. Giza.

Pitia akasogea karibu na televisheni. Alikuwa hajaisikia sauti ya mama yake kwa miaka kumi na minane.

"Rudisha," akasema. "Nataka kusikia vile anaita jina yangu."