Kikohozi cha Kabla ya Ugali

Enzi za Mwingereza, wenzangu niliosoma nao sekondari walipanda treni kwenda Tanga, wengine Moshi, wakawa makarani. Mimi nilipanda ngazi za baraza letu pale Manundu, nikakaa, na mpaka leo sijashuka. Ndiyo maana baba aliniita Kinu. "Mwanangu huyu," alisema, "ukitaka kumhamisha, tafuta watu wa kubeba."

Baba alikuwa na duka la chumvi, mafuta ya taa, sabuni za mche na majembe. Wakati wa mavuno alikwenda na lori Mazingara, kwao, kununua mahindi, na jioni, mvua inyeshe isinyeshe, alirudi. Ndugu zake walimcheka kwamba mkewe amemfunga kamba kiunoni. "Kweli," aliwajibu, "na sasa ameanza kuivuta." Jumapili duka halikufunguliwa hata mteja angelia mlangoni. Tuliongozana kwenda kanisani, yeye mbele na koti lake jeusi, na huko aliimba kwa sauti kubwa maneno yasiyokuwemo kitabuni. Mama alimsahihisha njia nzima ya kurudi. Hivyo ndivyo alivyopata jina lake, Bibi Askofu.

Lakini hakuna ninachokikumbuka kama chakula cha jioni. Baba hakugusa tonge mpaka tuwe wote mkekani. Alikohoa kidogo, kisha akaita: "Bibi Askofu! Stesheni! Kinu! Ugali unapoa!" Stesheni alikuwa kaka yangu, ambaye hakuweza kusikia filimbi ya treni akabaki amekaa.

Barazani kwetu alishonea fundi cherehani, Mnyamwezi aliyekuja kukata mkonge, akaona mkonge ndio unaomkata yeye. Sisi Wazigua na wao ni watani, basi kila asubuhi, kati yake na baba, matusi yalitangulia salamu.

"Mzigua, hujafa tu?"

"Nife nikuachie duka? Utauza mpaka milango."

"Utakufa. Na hilo koti la kanisani nitalivaa mimi."

"Litakukataa. Limebatizwa."

Mwanzo wa masika baba aliugua kifua, hakuinuka tena. Ndugu walikuja kutoka Mazingara, tukamzika. Mama hakulia. Alikaa mkekani akitazama ukuta, na chakula hakukigusa. Kulikucha, hakula, jua likazama, hakula, uji tuliompa ukaota ngozi kikombeni. Wanawake walimbembeleza, mzee wa kanisa akamsomea zaburi. Wapi! Shangazi akaninong'oneza, "Huyu anamfuata mumewe."

Kwetu kazi hiyo ni ya mtani. Matangani ana ruhusa ya kumwiga marehemu na kuwachekesha wafiwa mpaka wakubali kula, na hakuna wa kumkasirikia. Ila mtani wetu, tangu tutoke makaburini, alikuwa amejibanza nyuma ya cherehani yake, anapangusa gurudumu lililokwisha kuwa safi. Shangazi akamfuata.

"We Mnyamwezi, umekuja kula vya msiba bure? Fanya kazi yako!"

"Dada, ulimi umekauka."

"Ulowanishe. Mjane wake anatufia."

Fundi akaingia chumbani, akatoka amevaa koti jeusi la baba. Mikono ya koti ilimmeza vidole. Mzee wa kanisa akafungua kinywa akemee, lakini mtani akauanza wimbo wa Jumapili, kwa yale maneno yasiyokuwemo kitabuni, na mzee wa kanisa akageukia mlango, mabega yakimtikisika. Watu wakacheka. Mama akaendelea na ukuta wake.

Basi mtani akakaa mahali pa baba, akavuta sinia.

"Bibi Askofu! Stesheni! Kinu! Ugali unapoa!"

Halafu tukasikia sauti ya mama, ndogo, inakwaruza.

"Umekosea. Hakuanza hivyo. Alikohoa kwanza."

Mtani akajaribu kukohoa. Kilichotoka ni kilio, na mtani hatakiwi kulia. Akajifunika uso kwa mkono wa koti. Mama akasogea kwa magoti mpaka penye sinia, akamega tonge.

"Hata kukohoa hujui," akamwambia, akala.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akisahihisha kila mtu, mpaka naye tukamlaza karibu na baba. Stesheni aliifuata filimbi yake. Mtani alizeeka, akapanda lori kurudi kwao na lile koti; tulimpa, naye akatushukuru kwa tusi ambalo siwezi kuliandika.

Mimi nipo barazani. Vijana wanaopita hunipa shikamoo kwa adabu, na adabu nimeshiba. Hakuna anayeniuliza kwa nini sijafa.

Jioni nasonga ugali wa mtu mmoja, ambao hauishi kunishinda: leo mwingi, kesho ukoko mtupu. Nautandikia mkeka. Nakohoa. Bibi Askofu simwiti, Stesheni simwiti. Naita, "Kinu!" Kisha naitika mwenyewe, upesi, maana unapoa.